Kuku Aliyechelewa Miaka Saba

Pacifique alikuwa na hasira za karibu. Watu wengine hasira zao wanazifungia kabatini, wanazitoa siku yenye shughuli. Zake zilikaa mlangoni pamoja na viatu. Aliwahi kugombana na robot, zile taa za barabarani, pale Hillbrow kwa sababu ilikaa nyekundu muda mrefu, na wala hakuwa na gari. Kazini kwake Sandton, alikolinda geti la maegesho ya jengo la ofisi, hasira hizo hizo zilivishwa yunifomu, zikapewa redio ya mkononi, zikaitwa umakini. Alishapewa na cheti.

Alikuwa mtu wa Uvira, miaka thelathini na moja. Shule aliiacha sekondari mwaka wa pili, mwaka ambao mwalimu naye aliiacha. Johannesburg alifika kwa malori matano na miguu yake miwili. Aliishi Berea, ghorofa ya sita, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla yeye hajaingia nchini na hakuna aliyekwenda kuizika. Chumba kimoja, pazia katikati. Upande mmoja kitanda chake na mkewe Murielle, anayesuka nywele saluni ya mtaa wa chini. Upande wa pili kitanda cha kukunja cha binti yao Héritière, miaka sita, aliyezaliwa hapa hapa, anayesikia Kiswahili na kujibu Kizulu. Nje ya dirisha, kwenye balkoni iliyozibwa kwa mbao, alikodi Bakiri, Mtanzania wa Kigoma, muuza kava za simu Fordsburg. Mbao za Bakiri zilizuia baridi kidogo. Sauti hazikuzuia kabisa.

Sasa mwezi wa nne mwaka 2017, majani ya miti ya barabarani yameanza kuanguka, watu wa Berea wanashusha mablanketi kutoka juu ya makabati, mama mkwe wa Pacifique akaingia mjini.

Pacifique alikuwa hajawahi kumwona. Alioa kwa simu, kama wengi walioko huku. Yeye akiwa Johannesburg analinda magari ya watu, kaka yake mkubwa Ruphin kule Uvira alikusanya mbuzi, vitenge na majembe, akapanda milimani kwa kina Murielle, akasema maneno yote yanayotakiwa kusemwa. Baadaye Murielle akawekwa njiani. Hiyo ni miaka saba imepita. Kila kitu kilifika, Ruphin alisema. Na Pacifique aliamini, maana mtu asipomwamini kaka yake atamwamini nani, polisi?

Basi lilitia nanga Park Station Jumamosi asubuhi baada ya siku sita. Mama Léocadie alishuka na kidumu cha mafuta ya mawese, mfuko wa ndagala, wale dagaa wakavu, na kitenge cha kujifunika kichwa. Mwembamba, mrefu, macho yake yanaumizwa na mwanga. Pacifique alisogea kupokea mzigo. Mama akauzungusha mfuko ukampita Pacifique puani, akampa Murielle, na Murielle akampa Pacifique. Salamu nayo ilipita njia hiyo hiyo.

"Mwambie mukwe wangu namsalimu," mama alisema, akiangalia nguzo.

"Anakusalimu," Murielle alisema.

"Nimesikia. Nimesimama hapa," Pacifique alisema.

Alijiambia ni uchovu wa safari. Siku sita ndani ya basi, hata yeye angesalimia nguzo.

Kilichomleta mama ni sukari. Jumatatu walimpeleka kwa Dokta André, Mkongo wa Lubumbashi mwenye kachumba ka matibabu huko huko Berea. Dokta alimtoboa kidole, akasoma kimashine, akanyanyua nyusi.

"Kumi na saba."

"Juu ya ishirini?" Pacifique aliuliza. Kwao maksi zote zinahesabiwa juu ya ishirini, na kumi na saba alikuwa anaisikia tu kwa wenzake.

"Si mtihani, bwana. Inatakiwa iwe chini ya kumi."

Dokta alieleza taratibu, mara mbili, mara ya pili akimtazama Murielle. Mama atameza vidonge. Atakula mara tatu, saa zile zile, kidogo kidogo: bugali kiasi cha ngumi, sombe ya majani ya muhogo kwa wingi, samaki, chenza moja siyo mfuko. Atatembea. Na kidonge asimeze kabisa bila kula, kabisa. Wataangalia mwezi mmoja. Ikishuka, atarudi kwao na vidonge vyake. Isiposhuka, ni sindano kila siku, na dawa ya sindano inakaa kwenye friji.

"Kwetu friji ya karibu iko kwa padri," Mama Léocadie alisema, akiuambia ukuta. "Mwendo wa siku nzima. Na padri anaweka bia zake."

"Basi mama, ukianza sindano, kurudi hakuna. Utakaa hapa na watoto."

Mama aliugeukia tena ukuta. "Nina muhogo shambani," alisema. "Muhogo haujui mambo ya friji."

Hakulia wala nini. Lakini Pacifique aliona vile mikono yake ilivyokamata kitenge, na akaelewa: huyu mtu wakimnyima kurudi atakufa kwa jambo lingine, si sukari. Halafu akahesabu watu wa chumbani: wanne. Akahesabu vitanda: viwili, kimoja cha kukunja. Akaelewa zaidi. Kutoka siku hiyo hakuna mtu Berea nzima aliyetaka sukari ya Mama Léocadie ishuke kuliko Pacifique.

Ndo maana jambo la chakula lilimchoma.

Alikuwa zamu ya mchana, anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa moja jioni. Akifika, Murielle anamletea maji ya kunawa, bugali, sombe iliyotwangwa vizuri na mawese ya mama mwenyewe. Pacifique anakata tonge. Tonge halijafika mdomoni, Mama Léocadie anasimama, anajifunga kitenge, anatoka kwenda koridoni. Anasimama huko mpaka vyombo vitolewe. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Na yeye mwenyewe kula, Pacifique hajamwona hata mara moja. Ukiuliza, ameshakula.

"Mama yako ananiona nanuka?" alimwuliza Murielle.

"Hapana."

"Basi juu ya nini nikiinua tonge anakimbia kama nimeinua nyundo?"

"Anapunga hewa."

"Hewa gani ya koridoni? Koridoni kuna mkojo wa paka!"

"Kila mtu na hewa yake, Papa Héritière."

Mwanamke akikujibu hivyo ujue kuna kitu amekikalia. Lakini Pacifique hakuwa mtu wa kuinua watu aangalie walichokalia. Yeye alikasirika moja kwa moja, ndo njia aliyoijua. Kama mama mkwe hawezi kumwona akila, sawa, hatamwona. Akaanza kula njiani. Jioni akishuka taxi ananunua kota kwa mama mmoja karibu na duka la spaza: robo mkate imechimbwa katikati, imejazwa chipsi, soseji ya polony na achari ya kuunguza. Anakula amesimama, amegeukia barabara, kama mtu anayejificha deni. Asubuhi ni magwinya, yale maandazi ya mafuta mengi, mawili, wakati mwingine manne. Nyumbani anasema ameshiba.

Kufikia Pasaka nyumba ilikuwa na wagonjwa wawili. Mmoja sukari, mwingine tumbo linawaka moto toka kifuani mpaka kitovuni. Wa tumbo ndo aliyekuwa analalamika.

Ila sukari ilisikia. Jumanne baada ya Pasaka Dokta André alitoboa kidole, akasoma: kumi na moja. Alifurahi kama ni damu yake. "Mama, endelea hivyo hivyo. Wiki mbili nyingine tu. Msibadilishe kitu."

Jioni hiyo kazini wakabadilisha zamu. Pacifique akapelekwa usiku.

Mtu wa zamu ya usiku analala mchana. Anaingia saa mbili asubuhi, anavuta pazia, anajifunika mpaka kichwa, anaamka saa tisa au kumi. Murielle yuko saluni, Héritière shuleni. Chumbani ni Pacifique huku na Mama Léocadie kule, pazia katikati, kitenge cha maua kilichofifia. Kila akiamka anainua kifuniko cha sufuria, anakuta chakula alichoacha Murielle kimejaa kama kilivyoachwa. Jumatano, hivyo. Alhamisi, hivyo. Ijumaa akaona sasa ni dharau.

Alisimama katikati ya chumba na kifuniko mkononi, akauambia mlango, kwa sauti ya kufika popote:

"Kuna watu wanakuja kwa watu! Wanalala kwa watu! Lakini chakula cha watu kinawanukia! Mtu anasimama getini usiku kucha, baridi inamwingia mpaka kwenye meno, ananunua sombe, ananunua samaki, halafu watu wanaviangalia kama vimeokotwa!"

Nyuma ya pazia kitanda cha kukunja kililia kidogo, kikanyamaza.

"Mi nakula vizuri tu, kaka," Bakiri alisema kutoka balkoni. "Sijui unamsema nani."

"Sikusemi wewe!"

"Sawa. Maana nilitaka kuomba samaki kama wamebaki."

Jumatatu iliyofuata, saa saba mchana, Bakiri aliupiga mlango kwa ngumi. Alikuwa amerudi kuchukua mzigo wa kava. "Pacifique! Amka! Mama yako amekaa kwenye ngazi!"

"Mwache akae. Anapunga hewa."

"Anatoka jasho, we mpumbavu! Baridi yote hii anatoka jasho!"

Pacifique alishuka na soksi. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, Mama Léocadie alikuwa ameegemea ukuta, mikono inatetemeka, midomo imepauka. Alikuwa anafanya matembezi aliyoagizwa na dokta, kushuka na kupanda. Kushuka aliweza, kupanda kukamshinda.

"Hii ni sukari imeshuka," Bakiri alisema. "Baba yangu alikuwa nayo. Mama, umekula leo?"

Mama aliziangalia ngazi.

"Umemeza kidonge?"

Akatikisa kichwa ndiyo. Kidonge alimeza. Kidonge ni kitu kidogo, unaweza kukimeza umejigeuza.

Bakiri alitoa soda kwenye begi, ya machungwa, akaifungua, akamwekea mdomoni. Mama akafumba mdomo. Akamsukumia tena. Mama akafumba na macho. Soda ikamwagika kwenye kitenge.

"Kunywa, mama!" Pacifique alipiga kelele, amechuchumaa mbele yake. "Kunywa, utakufa hapa!"

Mama Léocadie alifungua macho, akamwangalia Pacifique usoni, mara ya kwanza tangu afike. Halafu akayafumba na meno akayabana zaidi. Bakiri aliangalia mmoja, akaangalia mwingine. Kitu fulani kikamjia.

"We bwana, geuka ukutani."

"Nini?"

"Geuka ukutani, nasema! Na utoke hapo mbele yake!"

Pacifique, mtu aliyegombana na robot, aligeuka. Aliuangalia ukuta wa jengo lile kwa karibu kuliko alivyowahi kuuangalia. Mtu aliandika jina la Thabo pale kwa kalamu ya bluu. Nyuma yake alisikia mtu anameza. Mara moja, mara mbili, halafu kwa pupa, kama mtoto, mpaka chupa ikapiga mluzi.

Baada ya dakika kumi jasho lilikata. Mama akataka kusimama, miguu ikakataa. Pacifique akainama bila kugeuka, akampandisha mgongoni, akapanda naye ghorofa mbili na nusu. Mwepesi, kama mzigo wa nguo zilizokauka.

"Mukwe wangu," mama alisema karibu na sikio lake, maneno ya kwanza aliyomwambia bila mtu wa katikati.

"Ndiyo, mama."

"Hili la mgongo usiwaambie watu."

Mama alipolala, Bakiri alimvuta Pacifique mpaka balkoni, wakakaa juu ya maboksi ya kava. "Hivi we, huyu mama ulimfungua kinywa?"

"Kinywa kiko wazi, si umempa soda."

"Sikiliza. Bibi yangu mzaa mama ni wa ng'ambo kwenu, wa milima hiyo hiyo. Alituchosha na hizi habari. Kwao mama mkwe hali mbele ya mkwe, na mkwe hali mbele yake. Hata mkwe akiwa amelala, yupo. Ni aibu kubwa, bora njaa. Mpaka siku mkwe amletee kuku. Kuku jike, mzima, mkononi. Hapo kinywa kimefunguka, wanakula pamoja mpaka kufa."

"Kwa nini asiseme? Kuku ni kitu gani? Ningenunua kumi!"

"Haombwi. Wala binti yake hawezi kukuambia. Wakimuomba, huyo siyo kuku tena, ni nyama."

Pacifique hakupiga kelele, jambo lililomtisha Bakiri. Alikuwa anarudisha nyuma mwezi wote. Koridoni. Sufuria iliyojaa. Zile wiki mbili za zamu ya mchana mama alikula vizuri, saa zake zote, kwa sababu nyumba ilikuwa haina mkwe. Na yeye akasimama na kifuniko mkononi akamtukana mtu anayemheshimu. Halafu akakumbuka nani alibeba mahari. Akachukua simu.

"Yaya," alimwita kaka yake Ruphin alipopokea. "Ile siku ulipanda na mahari. Kulikuwa na kuku?"

"Kuku gani?"

"Wa mama mkwe."

Ng'ombe alilia huko Uvira.

"Aa. Yule kuku."

"Yule kuku."

"Mvua ilinyesha, Pacifique."

"Ndiyo."

"Mto ulijaa. Tulikwama siku mbili. Tulikuwa wanaume wanne."

"Mkamla."

"Alikuwa mdogo mdogo."

"Yaya, mlikuwa na mbuzi watano!"

"Mbuzi wangehesabiwa."

Yaliyofuata Bakiri aliyasikia yote, na ghorofa ya saba pia. Ruphin alijitetea kuwa alipanga kumrudisha kuku mwezi uliofuata, ukaja ugonjwa wa kuku, ikaja shida nyingine, na mama hakuuliza. Pacifique alimwambia mama hawezi kuuliza, ndo maana ya jambo lenyewe. Halafu akairusha simu. Aliirusha kitandani, kwenye mto, maana hasira ni hasira lakini simu ilikuwa mpya.

Jioni Murielle aliporudi, Pacifique alimsubiri mlangoni. "Miaka saba hukuniambia."

"Kukuambia nini?"

"Kuku."

Murielle alisimama. Mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua dumu la maji. "Mimi sijasema kuku," alisema polepole. "Wewe ndo umesema kuku. Bakiri shahidi."

"Shahidi!" Bakiri aliitikia kutoka balkoni.

Zilibaki siku nane kurudi kwa Dokta André. Siku hizo za katikati Pacifique alilala saluni kwa mkewe, kwenye viti vitatu vilivyounganishwa, chini ya mashine za kukaushia nywele, ili mama ale. Wasukaji walimruka na vitana vyao. Jumamosi, siku yake ya mapumziko, akaenda Hillbrow kwa mama mmoja anayeuza kuku hai kwenye tenga la waya. Alichagua wa kahawia, mnene kidogo kuliko wenzake. Haraka zake zikamfanya aangalie miguu tu. Alimbeba kwenye mfuko wa plastiki, kichwa nje, kuku akiangalia mji.

Mkwe hajisemei. Kwa hiyo Bakiri akavaa kanzu na kofia yake ya Ijumaa, akawa ukoo mzima wa Pacifique. Pacifique aliagizwa asimame nyuma yake na asiseme kitu chochote. Aliambiwa mara tatu: kitu chochote.

"Hodi," Bakiri alisema.

"Nani?" Mama Léocadie aliuliza kutoka kitandani. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Murielle alikuwa amemvika tangu asubuhi bila kumwambia sababu, na mama hakuuliza sababu.

"Tumemleta mtu aliyechelewa."

"Amechelewa kiasi gani?"

"Miaka saba."

"Alikuwa anatembea kwa miguu?"

"Alimtuma mtu, mama. Mto ulijaa."

"Mto wetu," mama alisema, "unajaa siku mbili."

Bakiri alikohoa, akatoa kuku. Mama akampokea kwa mikono miwili. Alimpima uzito. Alipuliza manyoya ya nyuma, akaangalia ngozi. Alifungua bawa, akalifunga. Halafu akamshika kichwa akamgeuzia dirishani, akakaa hivyo muda mrefu.

Mdomo wa kuku ulikuwa umekatwa. Nusu ya juu haikuwepo, butu, kama kucha iliyokatwa vibaya.

"Mukwe wangu," mama aliliambia pazia, "ananiletea kuku asiye na mdomo, anifungue mdomo mimi."

Bakiri aliangalia kofia yake. Pacifique aliagizwa asiseme kitu chochote, na alijitahidi, mishipa ya shingo ilisimama, alijitahidi mpaka hapo.

"Mama! Hii nchi kuku wote wamekatwa! Mimi sikumkata! Wa mayai wote wanakatwa wakiwa vifaranga! Nitamtoa wapi kuku wa milimani Hillbrow?"

"Pacifique," Bakiri alinong'ona.

"Niache! Amekaa na njaa kwenye nyumba yangu mwezi mzima kwa sababu ya tumbo la Ruphin! Kama anataka mdomo mzima nitakwenda kumchukua Uvira kwa miguu, lakini ale leo! Ale!"

Sauti ilimkatika kwenye hilo la mwisho, akajifanya ni kikohozi.

Mama Léocadie alimfikiria kuku. "Wanawakata kwa sababu gani?"

Alikuwa anamwuliza Pacifique mwenyewe. Pacifique akashusha sauti. "Wanawekwa wengi sehemu ndogo, mama. Wakibanana wanadonoana. Sasa wanawapunguza midomo."

"Wengi chumba kimoja?"

"Ndiyo, mama."

Mama aliangalia chumba. Aliangalia pazia, kitanda, kitanda cha kukunja, sufuria, dirisha lenye mbao na nguo za Bakiri. Akamwangalia Murielle, akamwangalia Pacifique.

"Basi ni wa hapa," alisema. Akamweka kuku sakafuni.

Héritière, aliyekuwa kwenye kona na sahani ya wali, alidondosha punje kadhaa. Kuku alikwenda, akainamisha kichwa upande, maana mdomo butu unataka ufundi, akaokota. Akaokota tena. Alikula mbele ya watu watano bila aibu yoyote.

"Anakula," mama alisema.

"Anakula," Bakiri alithibitisha, kama ukoo.

"Murielle, leta bugali. Saa yangu ya kula imepita."

Bugali ukaletwa, na sombe, na ndagala. Mama alikata tonge, akalibonyeza katikati, akachota sombe, akamnyooshea Pacifique. Pacifique alilipokea kwa mikono miwili akalitia mdomoni, na mama akakata la kwake, akala. Pacifique aliona kwa mara ya kwanza kuwa mama mkwe wake ana pengo la mbele, kama la Murielle. Tumbo lake, lililowaka wiki tatu, lilinyamaza kama limesikia jina lake.

"Sombe imekosa chumvi," mama alisema akitafuna.

"Dokta kakataza chumvi nyingi."

"Sikusema iongezwe. Nasema imekosa."

Hapo ndo Pacifique alipoanza kumjua. Huyu mama aliyekaa kimya wiki nne kumbe kinywa kilichofungwa kilikuwa cha kula na cha kusema pia. Jumatatu Pacifique alirudi kitandani kwake. Saa saba kamili mchana, mita moja kutoka sikio lake, Mama Léocadie alikaa na sahani, akatafuna ndagala mpaka vichwa.

"Mama, nalala," Pacifique alisema chini ya blanketi.

"Lala, mukwe wangu. Mimi nakula."

Akamweleza na habari za muhogo, za jirani anayehamisha mipaka, za sukari ya dada yake. Kuku alisikiliza kutoka bafuni, alikowekwa. Kila siku ya pili kuku alitaga yai, na mama alilichemsha, akalila zima, maana kuku wa kinywa ni wa mwenye kinywa peke yake.

Kwa Dokta André kidole kilitobolewa. Dokta akasoma, akasoma tena.

"Nane."

"Juu ya ishirini ni kufeli," Pacifique alisema.

"Hongera, mama," dokta alisema. "Umefeli vizuri. Nenda kwenu na vidonge vyako."

Mama hakucheka wala hakulia. Alifungua pembe ya kitenge, akatoa chenza aliyoiweka ya siku hiyo, akaimenya, akampa Pacifique nusu.

Alhamisi walimsindikiza Park Station. Baridi ilikuwa imeshaingia kweli, watu wana kofia za sufu, majani yamejaa kwenye mitaro. Kuku alibaki Berea. Kuvuka mipaka mingi hivyo hakuwa na karatasi. "Ni wangu," mama alisema. "Namwacha kwenu. Msimle. Nitauliza." Na Héritière, ambaye katika mwezi ule aliamua kujibu Kiswahili kwa sababu bibi hakujua Kizulu, aliapa kumlinda.

Mama alikaa dirishani kwenye basi, akatoa yai la kuchemsha, akalila akimwangalia Pacifique usoni. Saa yake ilikuwa imefika.

"Mukwe wangu!" aliita dereva alipowasha.

"Mama!"

"Nikifika sipandi milimani moja kwa moja. Napita kwanza kwa Ruphin. Nitakaa kwake siku tatu."

"Ruphin? Ukafanye nini kwa Ruphin?"

Mama Léocadie alipangusa mdomo kwa kitenge.

"Hakuna. Nitakaa tu. Asubuhi wataniletea chakula, nitakiangalia. Mchana wataleta, nitakiangalia. Mkewe atauliza, nitasema napunga hewa." Basi likaanza kusogea, akatoa kichwa nje. "Usiogope sukari! Saa yangu ikifika nitakula kwa jirani!"